Siku ya afya moja haitaponya vijana wetu



Wazo la kuchanga pesa ili tufanye "siku ya afya" ku masomo tulikosomea liko linazunguka kati yetu tangu mwanzo wa mwaka wa shule, na wengi wamelisifu. Mimi nataka kulipinga. Silipingi kwa roho mbaya. Nimefundisha biolojia miaka sita ku shule moja ya sekondari hapa Kindu, upande wa Kasuku, na hizo siku za afya nimeziona zikija na nimeziona zikiondoka.

Kila mtu wa Kindu anajua namna zinavyokwenda. Banderoli inafungwa ku mlango wa kuingilia. Saa tatu wanafunzi wanatolewa darasani na kupangwa ku jua. Munganga, ao mtu wa shirika, anashika megafoni. Ndani ya dakika arubaini anapitia kunawa mikono, malaria, sida, mimba za mapema, na kama muda unabaki, pombe. Kuna maswali matatu ao mane, na anayejibu vizuri anapewa tisheti. Picha inapigwa. Prefe anashukuru, wageni wanapanda jipu, na kesho yake mtoto akiumwa tumbo anapata kile alichokuwa anapata jana: ruhusa ya kurudi nyumbani.

Hiyo kazi tunaiita sensibilizasio. Neno limeingia ndani ya Kiswahili chetu mpaka tunasema "walikuya kutusensibilize" sawa vile tungesema "walikuya kutulisha". Tofauti ni kwamba anayelishwa anashiba.

Tatizo la vijana wetu si kutojua. Somo la Éducation à la vie liko ku programu, na wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wa umanite wanaweza kukuandikia njia zote za kuambukizwa VVU bila kukosa hata moja. Siku moja, baada ya somo, kijana mmoja alibaki nyuma akijifanya kufuta ubao. Akaniuliza: "Mwalimu, mutu akisikia moto wakati wa kukojoa, anapashwa kwenda wapi?" Alisema "mutu", hakusema "mimi". Nikamjibu: kituo cha afya, ni dakika kumi tu kutoka hapa. Akacheka kidogo. "Kule tantini yangu njo anaandikaka mafishi."

Kijana huyo alikuwa na alama 16 juu ya 20 ku biolojia. Elimu alikuwa nayo. Alichokosa ni mlango wa kupitia bila familia nzima kujua kabla ya jioni.

Sasa tuangalie kitu ambacho katika hotuba zetu hakisemwi kamwe. Huduma ya afya ya vijana ndani ya Kindu iko, inafanya kazi kila siku, na haikungoja shirika lolote. Ni farmasi ya kona. Tembeeni Kasuku ao Mikelenge saa kumi na mbili jioni, mutaona wenyewe. Kijana anafika, anainama kidogo ku dirisha, anasema maneno mawili, anapewa vidonge vinne ndani ya kipande cha gazeti, analipa, anaondoka. Haulizwi jina. Haandikiwi fishi. Hakuna benchi la kukalia mbele ya mama wa jirani aliyeleta mtoto wake kuchanjwa. Na kama hana pesa za dozi nzima, anauziwa nusu.

Tunapenda kulaumu hizo farmasi, na tuko na haki. Antibiotiki ya nusu dozi haiponyeshi ugonjwa. Inafundisha microbe kuvumilia dawa. Msichana anayenunua kidonge cha dharura kila mwezi hapati mtu wa kumueleza kwamba kuna njia ingine iliyo bora kwake. Wengi wanaouza hawakusomea hiyo kazi. Yote ni kweli. Lakini sisi tuliosoma tungejiuliza kwa nini kijana anapita mbele ya kituo cha afya chenye infirmie mwenye diploma na kwenda kununua kwa mtu asiyejua dawa anayouza. Nimewauliza wanafunzi wengi kwa miaka yote hiyo. Bei inatajwa, ndiyo, maana fishi ya kituo inalipwa na farmasi haina fishi. Lakini bei haiji kwanza. Kinachokuja kwanza ni siri, kisha wepesi. Muuzaji wa farmasi ameelewa wateja wake kuliko sisi.

Kinshasa, wizara ya afya iko na programu nzima ya kazi hii, PNSA, Programme National de Santé de l'Adolescent. Shirika la Afya Duniani, nalo, lilitoa mwaka 2015 vigezo 8 vya huduma bora kwa vijana, na ndani yake usiri na heshima ya kijana vimeandikwa waziwazi. Kwa hiyo karatasi hazikosekani. Kuna hata wazo la chumba cha vijana ndani ya kituo cha afya, chumba chao peke yao. Ku karatasi ni wazo zuri. Lakini fikirieni kituo cha mtaa wenu: mlango mkubwa ni mmoja, uwanja ni mmoja, na kile chumba kimeandikwa ku ukuta kwa herufi kubwa "VIJANA". Msichana wa miaka 16 akiingia mle, mtaa mzima umeshajua. Kusema kweli, hicho kibao kinamtangaza.

Shule inampa kijana kitu kimoja ambacho kituo hakiwezi kumpa: sababu ya kuwa pale. Kila asubuhi anakuja, na hakuna mtu anayejiuliza anakuja kufanya nini. Infirmie akiwa na kachumba kake ku masomo, na ndani ya asubuhi moja apime macho ya mmoja, ampe mwingine dawa ya kichwa, amfunge kidonda wa tatu, basi wa nne anayeingia na swali zito anapita ndani ya kundi la wengine. Ndiyo maana hiyo huduma inapashwa kuwa ya mambo yote, hata yale madogo ya kuchekesha. Ukileta ku shule huduma ya "mambo ya uzazi" peke yake, umerudisha kile kibao ku ukuta.

Wengine watanijibu: lakini kampanye za shule zimefanikiwa pengine. Ndiyo, zimefanikiwa. Rwanda ilianza mwaka 2011 kuchanja wasichana dhidi ya kansa ya shingo ya kizazi, ikipitia ku shule, na zaidi ya 90 kwa 100 ya waliolengwa walichanjwa. Kenya, tangu mwaka 2012, inapitisha dawa ya minyoo ku shule, na kila mwaka mamilioni ya watoto wanaimeza. Siwezi kusema neno baya juu ya kazi sawa ile. Lakini angalieni ni mambo ya namna gani. Ni kidonge ao sindano, kwa wote pamoja, na hakuna anayepaswa kueleza kitu. Mtoto akimeza dawa ya minyoo mbele ya wenzake mia tano haoni haya, maana wote wanameza. Minyoo haina aibu. Kampanye inafaa kwa magonjwa yasiyo na aibu na yasiyo na haraka. Shida za kijana wa miaka 15 karibu zote ziko na kimoja kati ya hivyo viwili, na zingine ziko na vyote.

Mfano wa haraka, nao ni mfano mchungu. Msichana akibakwa, dawa ya kumkinga na VVU inapashwa kuanza ndani ya saa 72. Baada ya hapo haisaidii tena. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kuchukuliwa mpaka siku tano, lakini kila siku inayopita inapunguza nguvu yake. Sasa tuhesabu pamoja. Jambo linatokea Ijumaa saa mbili ya usiku. Jumamosi na Jumapili nyumbani hasemi kitu, pengine juu aliyemfanyia ni wa nyumbani. Jumatatu saa mbili ya asubuhi anafika darasani. Saa 60 zimepita. Zinabaki 12. Kama ku masomo kuna mtu mmoja anayejua kuona mtoto aliyenyamaza vibaya, anayejua kuuliza bila kelele, na anayejua ni mlango gani wa lopitali wa kumpeleka, huyo mtoto bado iko na nafasi. Kama anaishi Alunguli, toeni pia wakati wa kungoja pirogi na kuvuka Lualaba. Kama mtu huyo hayupo, prefe atamuuliza kwa nini hakufanya devuari, na saa 12 zitaisha pale pale darasani.

Siku ya afya ya mwezi wa tatu itamsaidia na nini?

Kuna drepanositozi pia. Katika nchi yetu karibu watoto 2 kwa kila 100 wanazaliwa na huo ugonjwa, na wale wanaofikia umri wa sekondari wako ndani ya madarasa yetu. Baridi ya asubuhi, kiu, mbio za michezo, vyote vinaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa. Nimeona mwalimu mwenzangu akimtoa nje mtoto aliyelala juu ya benchi, akimwita mvivu. Mtoto hakuwa mvivu. Alikuwa anangoja maumivu yapite, maana ku masomo hakukuwa na mtu wa kumuambia. Sanduku la dawa lilikuwapo, lenye msalaba mwekundu ku kifuniko, zawadi ya kampanye fulani. Ndani: pamba, chupa ya dawa nyekundu iliyokauka, paketi ya parasetamoli. Lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa na prefe, na prefe alikuwa amesafiri kwenda Kalima.

Juu ya hedhi sitaandika sana. Dada zetu wameshaandika hapa vizuri kuliko mimi. Niseme tu kwamba Kenya iliweka ndani ya sheria ya elimu, mwaka 2017, kwamba msichana aliyebalehe na anayesoma ku shule ya serikali apewe pedi bila kulipa. Sisi, vyoo vingi havina hata maji.

Narudi ku ufunguo, maana ndipo kuna ugomvi wa kweli.

Tuseme tumepata infirmie, tumepata kachumba. Msichana wa mwaka wa nne anaingia, anapimwa, ana mimba. Nani mwingine anajua? Kama jibu ni "prefe", basi tumefunga huduma siku hiyo hiyo, hata kama mlango unabaki wazi mwaka mzima. Wote tunajua kinachofuata: anaitwa ofisini, mzazi anaitwa, na kabla ya juma kuisha benchi lake liko wazi. Mvulana, kama naye ni wa pale, anaendelea kufanya egzamini. Tanzania iliandika ufukuzaji huo ndani ya kanuni zake za mwaka 2002, na ni Novemba 2021 tu ndipo serikali ilitangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaweza kurudi darasani. Sisi hatuna hata haja ya kanuni. Desturi ya ofisi inatosha. Na habari ya mmoja aliyefukuzwa inafika madarasa yote kabla ya saa ya rekreasio. Baada ya hapo, hakuna msichana atakayeingia kwa infirmie hata kwa jino.

Kitabu cha infirmie kisiingie ofisini kwa prefe. Natanguliza hilo mbele ya dawa, mbele ya kitanda, mbele ya rangi ya ukuta. Prefe apewe hesabu tu: mwezi huu wameonwa wangapi, malaria ngapi, vidonda vingapi. Majina hapana.

Infirmie naye ana hofu yake, na ni haki kuisikiliza. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya Julai 2006 juu ya ubakaji nayo inashika umri ule ule. Kwa hiyo infirmie anajiuliza: nikimpa huyu wa miaka 16 ushauri wa uzazi, mzazi wake atanifanya nini? Ndiyo sababu anasema "rudi na mama yako", na huyo kijana harudi tena. Lakini hakuna sheria inayokataza kumsikiliza mtoto, kumpima malaria, kumwambia ukweli juu ya mwili wake, ao kumpeleka haraka lopitali akiwa ameumizwa. Ninavyoona mimi, sheria ya kumlinda mtoto haikuandikwa ili mtoto afungiwe mlango.

Halafu kuna wazazi, na kuna dini. Nyingi ya shule zetu ni za mkataba. Tangu makubaliano ya tarehe 26 Februari 1977 kati ya Serikali na makanisa, Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu wanaendesha shule nyingi, na baadaye Waislamu wakaingia. Maniema bila Waislamu wake si Maniema, kila mtu anajua. Kwa hiyo swali litakuja: "Munataka kuleta kondomu ku shule ya Mungu?" Ndugu zangu, nimeketi ndani ya mikutano ya komite ya wazazi mara nyingi, na nimeona kwamba wenye kuleta miradi wanakosea sehemu moja: wanafika na kondomu mkononi, wanaanza na jambo la mwisho. Mzazi anasikia tusi, mkutano unakwisha, na dawa ya malaria nayo inakataliwa pamoja na yote.

Mimi ningeanza na macho, meno, malaria, upungufu wa damu, drepanositozi, hedhi. Hakuna padri, pasta wala imamu atakataa hayo; dini zenyewe zinaendesha lopitali ndani ya nchi hii tangu zamani. Ku mambo ya uzazi, kila shule ingesema wazi inakubali nini kitolewe ndani ya uwanja wake, na kinachobaki infirmie amuandikie kijana karatasi ya kwenda kituoni, kwa jina la mtu anayemngoja. Lakini kumzuia infirmie asijibu swali aliloulizwa, hapo sikubali. Na kwa mzazi anayeogopa kwamba majibu yataamsha tamaa, nina neno moja la kumuomba: apite jioni mbele ya farmasi ya kona na kuhesabu sare za shule.

Sasa pesa. Masomo ya bure ya Septemba 2019 ni ya msingi. Sekondari mzazi bado analipa, na najua anachoka. Siombi tumuongezee franka hata moja. Kila shule ya Kindu iko tayari ndani ya eneo la afya fulani, na eneo hilo liko na kituo na infirmie titulere, chini ya zoni ya Kindu ao zoni ya Alunguli. Hatuhitaji kujenga. Tunahitaji huyo infirmie, ao msaidizi wake, atoke kituoni asubuhi moja kwa juma, siku ile ile, aje ku shule. Hataki kuja bure, naye ako na haki: wafanyakazi wengi wa afya wanaishi na prime kidogo na kile kinacholipwa na wagonjwa, na asubuhi aliyokaa ku shule ni asubuhi asiyopata kitu kituoni. Kwa hiyo alipwe posho na pesa ya moto.

Hapo njo pesa yetu ya kuchanga ingekuwa na kazi. Banderoli, tisheti, megafoni ya kukodi, chakula cha wageni, mafuta ya jipu: wekeni hesabu yenu wenyewe, mimi sitaandika namba hapa. Kisha wekeni pembeni posho ya infirmie mmoja, asubuhi moja kwa juma, kwa mwaka wa shule, pamoja na kabati lenye kufuli, pazia, beseni, vipimo vya malaria na parasetamoli. Wale kati yetu wanaofanya kazi ku zoni ya afya wanaweza kusahihisha hesabu yangu. Mimi nimeifanya mara mbili, na shule moja inaingia ndani ya bajeti ya siku ile moja.

Shule moja tu, ndiyo. Wengine watasikitika kwamba ni kidogo, kwamba masomo mengine yataona wivu, kwamba hakutakuwa na picha nzuri ya kuweka hapa. Picha haitakuwapo, ni kweli. Huwezi kupiga picha ya msichana anayeongea na infirmie nyuma ya pazia, na ukiipiga umeharibu kila kitu.

Kuna mambo ambayo sijayamaliza kichwani. Infirmie awe mwanamke ao mwanaume? Wasichana niliowauliza wanasema mwanamke, lakini wavulana nao wako, na yule kijana wa ubao asingemwambia mama wa miaka hamsini. Pengine wawili kwa zamu, juma moja huyu, juma ingine yule. Na wakati wa likizo kubwa, miezi miwili ile ambayo shule zinafungwa na mimba nyingi zinaingia, kachumba kanafungwa pia? Sina jibu. Wauguzi na waganga wa chama, hapo nawangoja nyinyi.

Kamati itakaa kabla ya likizo ya Pasaka. Naomba wakati huo prefe wa shule tutakayoichagua awe ameshaulizwa, kwa maandishi, kama anakubali kitabu cha infirmie kisipite mikononi mwake. Akikataa, tutafute shule ingine.